Lori Ambalo Sikulichora

Jumatatu, 10 Juni

Bwawani saa kumi na mbili asubuhi. Urefu wa bwawa mara sitini. Maji baridi. Kichwa hakikuuma. Bahati, rafiki yangu wa mazoezi, alihesabu akiwa ukingoni, miguu majini, andazi mkononi. Anauza vitenge Kyebando, lakini alikulia Uvira, ziwani, na kuogelea alikujua kabla ya kusoma. Mimi nilijifunza nikiwa na miaka thelathini na tano. Kwa hiyo ananisimanga bila malipo. "Yaya, unapiga maji sawa mutu anafula nguo." Yaya kwao ni dada mkubwa. Nilicheka, nikameza maji.

Kisha kituo cha polisi. Kazi nyepesi: meza, faili, kalamu. Wiki ya pili tangu nirudi. Zamani nilikuwa barabarani na filimbi, trafiki kamili, madereva wakiniona wanafunga mikanda. Februari nikiwa kwenye baiskeli, njia ya Bukoto, bodaboda akanigonga. Helmeti ilipasuka vipande viwili. Siku sita sikujua niko wapi.

Daktari alisema niandike kila siku ili kumbukumbu ipate zoezi. Opio, mume wangu, akaninunulia kaunta buku hili. Naandika kama ninavyoandika kitabu cha matukio pale kituoni: saa, mahali, nini kimetokea. Naandika Kiswahili kwa sababu vita vilitupeleka Kitale, ng'ambo ya mpaka, nikiwa mdogo na nilisomea huko, na kwa sababu mimi Mlugbara na Opio, mtu wa kabila la Lango, hatuna lugha nyingine ya kugombania. Kitabu kinakaa mezani. Hakuna wa kukisoma.

Wiki kumi na tatu mpaka mashindano. Kuogelea ziwani kilomita mbili, baiskeli tisini, kukimbia ishirini na moja. Vyote siku moja, bila kupumzika. Nilijiandikisha Januari nikiwa mzima. Jina langu bado limo. Silitoi.

Alhamisi, 13 Juni

Mama Oling wa mlango wa tatu ameitangazia kambi nzima ya polisi kwamba nimevimba kichwa. Kichwa kilivimba kweli, Februari. Sasa kimenywea.

Anadai amenisalimu mara tatu wiki hii nikampita kama nguzo. Uongo mtupu. Hapa kambini Nsambya hata mtu mliyetukanana jana unamwuliza ameamkaje. Mimi nimnyime mtu salamu? Angenisalimu ningemwitikia. Eti mashindano ya wazungu yamenipa majivuno. Nimekasirika mchana kutwa.

Nimekimbia kilomita kumi. Nimejigonga bega kwenye nguzo ya lango. Ile nguzo imejengwa vibaya.

Jumapili, 16 Juni

Baiskeli kilomita sabini na Bahati. Yeye nyuma, mimi mbele. Mapafu yamerudi. Miguu imerudi. Nilihisi furaha ya kijinga, nikaimba kwenye mteremko.

Nyumbani kibaya. Jumapili hupika Opio. Alinipakulia posho, yaani ugali, na mboga ya simsim, mwenyewe akala na samaki. Nikamwuliza samaki wangu yuko wapi. Akatazama sahani yangu. Akanitazama mimi. Akainuka akatoka nje, saa mbili nzima.

Nimeduwaa. Miaka kumi na minne hajawahi kuninyima kitu. Ni fundi wa magari ya polisi, mtu mpole, ana kigugumizi, maneno yake ni ya kuhesabu. Jambo zito huliandika. Tangu uchumba ni hivyo, vijikaratasi. Leo hakusema wala hakuandika. Mtu mpole akianza uchoyo wa samaki kuna kitu. Labda kuna mwanamke. Nimeliandika, nimeona aibu, silifuti.

Jumanne, 25 Juni

Mara themanini. Bahati asema naogelea mshazari. Kiwiko kimechubuliwa na kamba ya bwawa. Opio hasemi. Mimi pia sisemi.

Ijumaa, 28 Juni

Opio hayupo. Begi lake dogo halipo. Nimerudi kutoka kazini saa kumi na moja nikakuta kitanda kimetandikwa na jiko limezimwa. Watoto wako bweni, hakuna wa kumwuliza. Mama Oling, ambaye hanisemeshi, aliusemesha ukuta kwa sauti kubwa: mume wa mtu amepanda basi la Lira, kwao, asubuhi.

Hakuaga. Hata mstari mmoja hakuacha. Nimetafuta chini ya kikombe, mfukoni mwa koti, juu ya redio. Sijawahi kuachwa hivi. Nilikaa na viatu miguuni mpaka giza likaingia.

Jumanne, 2 Julai

Amerudi jana. Macho mekundu. Amenisubiri niseme kitu. Nami nikamsubiri aseme. Tumelala.

Ijumaa, 5 Julai

Siku njema, hatimaye! Afande Mugisha, mkuu wetu wa trafiki, aliishiwa watu akanituma kwenye ajali. Kyebando, karibu na soko dogo. Pikipiki na gari dogo uso kwa uso. Abiria amevunjika mguu, uhai upo.

Nilipima kwa utepe. Nilichora barabara, alama za breki, vioo, kiatu cha abiria. Michoro yangu ni safi, kituo kizima kinajua. Hakimu mmoja aliwahi kusema angeweza kuendesha gari ndani yake. Nilisimama katikati ya barabara na utepe mkononi na nikajiona ni mimi tena, yule wa Januari.

Dereva wa gari alisema walichosema wote: "Ametokea ghafla, afande, sikumwona." Miaka kumi na sita naisikia sentensi hiyo. Naiandika, siiamini. Mtu hatokei ghafla. Mtu alikuwepo, wewe ulikuwa unatazama simu.

Jumatano, 10 Julai

Sijui nianzie wapi.

Afande ameniita, akafunga mlango. Mezani mchoro wangu na picha tatu za eneo lile lile, saa ile ile. Kwenye picha kuna lori la mchanga. Limeegeshwa vibaya, nusu lami, nusu nje. Ndilo lililomfanya mwenye pikipiki ahame njia. Kubwa, la bluu, hatua tano kutoka niliposimama. Nipo kwenye picha mimi mwenyewe, nimeinama na utepe, lori kando yangu.

Kwenye mchoro halimo.

Mwenye lori ni mtu wa pesa, Kyebando yote inamjua. Afande akanong'ona, na kunong'ona kwake kulikuwa kubaya kuliko kelele: "Koplo, rori iko wapi? Wewe umekula?"

Mimi. Kula. Miaka kumi na sita sijachukua hata soda ya mtu. Nilimwapia kwamba lori halikuwepo. Akasukuma picha. Nikaapa tena, nikiliona lori pale pichani. Mtu gani anaapa dhidi ya macho yake? Afande akasema mpaka uchunguzi uishe nisikanyage eneo la ajali. Hakuonekana na hasira. Alionekana na huzuni, na hilo ndilo limeniua.

Kama sikula, basi lori lilikuwa wapi nilipokuwa nachora? Nimejiuliza mpaka kichwa kikaanza kugonga.

Alhamisi, 11 Julai

Nadhani mtu amenichongea. Lori limeletwa baadaye, picha zikapigwa. Lakini nipo kwenye picha.

Baiskeli kilomita hamsini peke yangu, kwa hasira. Kwa kasi nzuri sana. Nitawaonyesha ziwani. Mtu aliyeharibika kichwa hamalizi kilomita tisini.

Jumamosi, 20 Julai

Nimemgonga mtu.

Tulitoka Kyebando kurudi Bukoto kwa baiskeli, saa tatu asubuhi, jua zuri, lami kavu. Bahati nyuma yangu. Barabara mbele yangu ilikuwa tupu. Naandika tena: tupu. Kisha kishindo, na mimi niko chini, na ndizi zimetapakaa kila mahali, za njano, mbivu, na beseni linazunguka barabarani likipiga kelele kama kengele. Mwanamke ameketi kwenye vumbi ameshika mkono wake. Mkono umepinda pasipopinda mkono. Mgongoni ana kitambaa cha kubebea mtoto. Sikupumua mpaka nilipoona hamna mtoto ndani.

Hakunipigia kelele. Aliniuliza tu, kwa upole, "Nnyabo, tolaba?" Bibi, huoni?

Nikasikia mdomo wangu unasema: ametokea ghafla.

Watu walijaa. Bahati akasimamisha gari, tukampeleka hospitali ya mlimani. Anaitwa Nalongo, mama wa pacha. Kifundo cha mkono kimevunjika mahali pawili. Mimi nina michubuko.

Jumapili, 21 Julai

Bahati alikuja baada ya misa. Hakukaa. Alisimama mlangoni, kilemba cha kanisani kichwani, akaniambia jambo ambalo hajalala kwa ajili yake.

"Yaya, ule mama hakutokea fasi yoyote. Alikuwa amesimama. Njo tulimuona toka mbali, mimi nilimuona toka mbali. Nikalia 'Yaya! Yaya!' Weye ukaenda kwake moja kwa moja, sawa mutu hana macho."

Nikamwambia haiwezekani. Akasema na wiki ya kwanza ya Juni karibu nigonge meza ya chapati. Na mbuzi. Alifikiri nafanya ubishi na watu wa kando ya barabara, kwamba mimi polisi nataka wanipishe.

Alipoondoka nilikaa. Opio alikuwa chumbani, amesikia yote. Hakutoka.

Naogopa. Hili nalo naliandika.

Jumatatu, 22 Julai

Nilikwenda kituoni bila sare, nikasimama upande wa pili wa kaunta, upande wa raia. Konstebo wa zamu alidhani ni mzaha. Nikamwambia aandike: mshtakiwa, Koplo Driciru, kwa kumgonga mtembea kwa miguu. Alipofika pa kueleza ilivyotokea, kalamu ikasimama hewani ikinisubiri. Sikuwa na sentensi nyingine. Nilikuwa na ile ile ya madereva wote. Nikaitamka. Akaiandika, na kwa jinsi alivyoinama nilijua haamini.

Afande akatoka, akaomba mchoro. Nikauchora mimi mwenyewe, hapo hapo, kwa rula. Aliutazama muda mrefu. Kisha akafanya kitu ambacho hakuna aliyekifanya tangu Februari: aliigeuza karatasi juu chini, akanirudishia.

Nusu ya karatasi, ile iliyokuwa kushoto kwangu, ilikuwa nyeupe. Barabara yangu ilikuwa na upande mmoja. Ilianza katikati, kwenye mstari wa lami, ikaenda kulia. Kushoto hakukuwa na kitu: hakuna ukingo, hakuna vumbi, hakuna mwanamke. Nilikuwa nimechora ajali isiyo na mtu aliyegongwa.

Akasema, "Chora ofisi hii." Nikachora. Dirisha, kabati la faili, bendera, kalenda, saa ya ukutani. Nikampa. Akauliza, "Na mimi niko wapi?"

Alikuwa ameketi mwisho wa meza, mkono wa kushoto. Nilikuwa nikiongea naye muda wote. "Simo," alisema, "ofisi yangu na mimi mwenyewe simo." Hakuwa ananicheka. Alivua kofia akaiweka mezani, akampigia simu Opio.

Jumatano, 24 Julai

Hospitali. Daktari mwanamke, kijana, msemaji wa haraka. Alinipa karatasi yenye mistari mingi mifupi, nikate kila mmoja kwa kalamu. Nilikata yote. Akasogeza kidole changu kwa mkono wake mpaka ukingo, nikaona mingine, mingi, haijaguswa. Nikasema kwa sauti, "Hii imetoka wapi?" Nilishtuka kama nimemwagiwa maji.

Macho ni mazima. Amenipima mara tatu. Ni kichwa. Pale kilipogongwa ndipo panapohesabu upande wa kushoto, na sasa hapahesabu. Si giza, alisema, giza ungeliona. Ni kwamba kushoto hakupo na kichwa hakijui kwamba kinakosa kitu. Ndiyo maana wewe ndiye wa mwisho kujua. Februari waliangalia kama nitaishi, hawakuangalia hilo.

Labda litapungua kwa mazoezi. Labda litabaki kidogo. Baiskeli barabarani, hapana. Ziwani penye watu, hapana. Niliuliza kuhusu tarehe nane Septemba, siku ya mashindano. Alitikisa kichwa kabla sijamaliza.

Opio aliuliza swali moja. Lilimchukua muda kulitoa. "Tangu lini?" Daktari akajibu tangu Februari. Opio akacheka. Kisha akafunika uso kwa viganja na mabega yakatikisika. Sikumwelewa. Mimi ndiye niliyevunjika kichwa, yeye ndiye aliyelia.

Ijumaa, 26 Julai

Afande amefuta kesi ya lori. Barua ya daktari imo kwenye faili. Nimehamishiwa ghala la vielelezo, kuhesabu helmeti na namba za magari yaliyokufa.

Nilimfuata Mama Oling mlangoni kwake. Nilisimama mpaka nikampata, nikamweleza. Alishika mdomo. Akasema alikuwa ameshamwambia hata katekista kwamba nina majivuno, sasa atamwambia nini? Akanipa karanga kikombe kizima.

Nafikiria wote niliowapita. Wale wanaojua nitawaeleza. Wale wasiojua wananichukia kihalali.

Jumapili, 4 Agosti

Siyatoi mashindano akilini. Nimewaza hivi: kule hawaulizi barua ya daktari. Unalipa, unatia sahihi kwamba ukifa ni shauri lako. Basi.

Bahati analo wazo. Majini kamba fupi, kiuno changu na chake. Kwenye baiskeli atakuwa kushoto kwangu kilomita zote tisini. "Mimi nitakuwa ukuta, yaya. Kila kitu kitagonga mimi kwanza."

Nimekubali. Nimefurahi mpaka nimekosa usingizi. Opio alisikia. Aliosha kikombe kile kile mara mbili. Nilimwambia asinitazame hivyo. Miezi minane ya mwili wangu nimeitia kwenye jambo hili, kitandani hospitali nilikuwa nasogeza vidole vya miguu kwa ajili yake. Sitaki kuishi nikihesabu helmeti za wengine.

Alhamisi, 15 Agosti

Nimetoka kwa Nalongo, Kyebando.

Nilikwenda kuomba radhi, na Bahati, na sukari na sabuni. Chumba kimoja, safi, pazia la maua. Mkono wake uko kwenye plasta. Alitupokea vizuri mno. Alipiga magoti kutusalimu, na plasta yake, mimi niliyemvunja. Nilitamani ardhi inimeze. Akatuonyesha mkeka.

Bahati alikuwa kushoto kwangu. Alikuwa ukuta, kama alivyosema. Aliinama kuvua viatu. Kuvua viatu tu, mara moja. Mimi nikakaa.

Nalongo alipiga yowe ambalo sijawahi kulisikia kwa mtu. Akanivuta kwa mkono mzima, tukaanguka wote wawili. Mmoja wa pacha alikuwa amelala pale kwenye mkeka, chini ya leso nyekundu. Nyekundu! Mtoto wa miezi minane. Paja langu lilikuwa limeshagusa leso.

Hakuamka. Alivuta midomo kama ananyonya, akaendelea kulala. Bahati alibaki amesimama, kiatu kimoja mkononi.

Kilomita tisini ni watu wangapi kando ya barabara? Na Bahati atainama mara ngapi?

Jumamosi, 17 Agosti

Nimetoa jina. Barua ya mistari mitatu. Nimeisoma mara nne kwa kidole kuhakikisha imeanza mwanzo.

Sijisikii mwema. Nina uchungu, nina wivu kwa kila mwenye kichwa kizima. Nilipomwambia Bahati alilia, kisha akauliza, akitazama ardhi, kama anaweza kwenda mashindanoni na baiskeli yangu. Nilitaka kumpiga. Nikampa na pampu.

Alhamisi, 29 Agosti

Zoezi la daktari. Mstari mwekundu wa kalamu ukingoni kabisa, kushoto mwa gazeti, kutoka juu mpaka chini. Marufuku kuanza kusoma mpaka niuone wekundu. Kidole kinatangulia, kichwa kinafuata. Dakika ishirini asubuhi, ishirini jioni. Linachosha kuliko kuogelea.

Leo nimegundua kwamba chumba chetu kina dirisha la pili.

Nalijua dirisha hilo. Nimelala chini yake miaka tisa. Lakini leo nililiona, limefunguliwa, na nguo za jirani zinaanikwa nje. Nilikaa kitandani nikalitazama.

Jumapili, 8 Septemba

Saa moja asubuhi watu wameingia majini. Niliijua saa bila kutazama. Bahati yumo, kofia ya manjano, baiskeli yangu inamsubiri. Nilitarajia kulia. Sikulia. Nilichemsha chai.

Opio alikwenda ibada ya kwanza. Nikafanya zoezi langu. Gazeti lilikuwa limeisha, nimeshalijua lote mpaka matangazo ya vifo. Nikachukua kitabu hiki. Nikasema nitafute ukingo wa kitabu changu mwenyewe.

Kidole kilikwenda kushoto kwenye mistari yangu. Nikaona mistari yangu haianzii mwanzo, inaanzia karibu na katikati ya ukurasa na kila wiki inasogea. Hilo sikulishangaa. Kidole kikafika kwenye mshono, pale nyuzi zinaposhika karatasi, nikadhani ndio mwisho. Kikaendelea. Kulikuwa na ukurasa mwingine.

Bila shaka kuna ukurasa mwingine. Kila kitabu kina kurasa mbili kikifunguliwa. Nimeandika upande mmoja tangu Juni na sikuwahi kujiuliza mwingine uko wapi.

Ulikuwa umeandikwa. Mwandiko wa Opio, ule mkubwa wa fundi, penseli ya gereji. Nikafungua nyuma, nikafungua mbele. Karibu kila ukurasa wa kushoto. Chai ikapoa.

"Driciru. Wewe nanikasirikia kwa nini? Sema. Kama mdomo nashindwa, andika hapa."

"Mama yangu iko mugonjwa sana. Ijumaa mimi naenda Lira. Kama wewe nataka kwenda, andika ndio tu."

"Mama amekufa. Tumezika Jumapili. Nilingoja wewe nasema pole."

Mama mkwe wangu. Amezikwa Juni. Nami nililala karibu na mtu mwenye macho mekundu nikiwaza juu ya mwanamke.

"Wewe nasoma hii kila siku halafu nanyamaza. Sawa. Mimi naendelea kuandika tu."

Halafu ule wa siku ya daktari: "Leo nimejua wewe hukusoma hata moja. Nimecheka, nimelia. Sitasema kwa mdomo. Mama alikupenda sana, sitaki wewe nalia na kichwa bado mugonjwa. Siku moja utafika hapa mwenyewe."

Baada ya hapo vidogo vidogo. "Leo mvua." "Leo umekula yote." "Leo umeona dirisha." Na wa jana usiku: "Kesho Bahati iko majini, wewe nabaki na mimi. Pole. Lakini mimi iko na furaha, samahani."

Nilisoma yote mara mbili, kidole mbele. Nilimlilia mama mkwe peke yangu, kwa sauti, miezi miwili baadaye.

Kituoni kila asubuhi Afande husoma kitabu cha matukio. Chini ya kila tukio huandika kwamba ameona, tarehe, sahihi. Asipoandika, kwa utaratibu wetu, jambo hilo bado halijafika kwa mtu. Nikachukua penseli yake. Nikaanza wa kwanza kabisa. Nimeona, 8 Septemba, Driciru. Nimeona, 8 Septemba, Driciru. Zilikuwa thelathini na moja. Kwa ule wa mazishi niliongeza pole, neno likaonekana dogo, nikaliacha hivyo hivyo.

Opio alirudi nikiwa kwenye wa mwisho. Nilimsikia mlangoni, kisha kiti kikavutwa. Aliona ukurasa gani umefunguliwa. Mimi nilikuwa bado naandika. Baadaye akauliza kama nimekula, nikamwambia bado.